Namuuguza mama mkwe, lakini moyoni simpendi

Bwana Yesu asifiwe, mama. Shikamoo.

Nina miaka 38, mzaliwa wa Singida, nimeolewa Moshi Vijijini na Mungu ametujalia watoto watatu. Tunasali usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri. Mume wangu ni dereva wa malori ya Kongo: anapakia Dar, anapita Tunduma, anakatiza Zambia hadi Kasumbalesa, na foleni za mipakani zikiwa mbaya namaliza mwezi na zaidi sijamwona. Yeye ndiye kitinda mimba kwao, na mila za huku unazijua: mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo. Baba mkwe alishatangulia. Kwa hiyo mama naye alibaki kwetu. Yaani kwangu.

Mama alipata kiharusi mwaka juzi, wiki ya Pasaka. Upande wa kulia haufanyi kazi, na kuongea hawezi, anatoa sauti tu. Mimi ndiye wa kumgeuza usiku asipate vidonda, kumbadilisha pampasi, kumwogesha, kumpa dawa za presha, kumnywesha uji kijiko kwa kijiko akiwa ameegemezwa kwenye mito. Nikimaliza hapo ng'ombe anataka majani na watoto wanataka kula. Siku hizi nikiinama, kunyanyuka ni kwa kushika ukuta.

Kazi siiogopi, mama, nimelelewa na jembe. Kinachonitesa ni yaliyopita. Miaka minne ya kwanza ya ndoa sikupata mtoto. Mama huyu huyu aliniita chasaka, yaani mtu wa kuja asiye Mchaga, mbele ya wageni, akamwambia mwanawe anirudishe nilikotoka, akaoe Mchaga mwenzake. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika hakuja chumbani kunipa pole. Nilimsikia nje ya dirisha akimwambia jirani kwamba tumbo langu ni la kupitisha tu. Maneno hayo yananirudia hadi leo, tena ninapokuwa namvalisha nguo.

Mimi ni mtu wa maombi. Naamka alfajiri, Ijumaa nafunga. Juzi kwenye jumuiya tulisoma Warumi 5, pale Paulo anaposema dhiki huleta saburi na saburi huleta uthabiti wa moyo. Kiongozi akanitolea mfano, akasema Mungu anamfinyanga dada yetu, na watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikalia, kwa sababu saburi mimi siioni. Nimekuwa mkali. Mwanangu wa pili akivunja kikombe anaanza kutetemeka kabla sijafungua mdomo. Wakati nilipokuwa na raha nilikuwa Mkristo mzuri kuliko sasa.

Halafu kuna ile 1 Wakorintho 13: hata nikiutoa mwili wangu niungue moto, kama sina upendo, hainifaidii kitu. Si ndiyo mimi huyo? Mwezi uliopita, usiku, mama alikoroma vibaya kama mtu anayekabwa. Nilimwinua nikamlaza kiubavu, akatulia. Lakini kabla ya kumgusa nilijikuta nasema moyoni, "Bwana, mchukue." Sijui nilikuwa namwombea yeye apumzike au najiombea mimi. Tangu hapo sijaenda kwenye Meza ya Bwana. Wenzangu wakitoka kwenda mbele mimi nabaki kwenye benchi najifanya nambembeleza mtoto.

Juzi tena nikiwa namwogesha alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, akaning'ang'ania huku ananitazama. Sikuelewa kama ananishukuru, ananiomba radhi au ananifukuza. Nilijitoa nikaendelea kumsugua miguu.

Mawifi wangu wawili wako Dar, shemeji yuko Arusha. Hela ya pampasi wanatuma wakikumbuka. Nilipomwomba wifi mkubwa tutafute dada wa kunisaidia, alisema mama yao hawezi kuuguzwa na mtu wa mshahara wakati mkamwana yupo. Jirani ananishawishi tumpeleke kwa nabii mmoja mjini, anasema ni roho imemfunga ulimi, ila kuna sadaka ya kutanguliza, na wanaokwenda huko wanaambiwa waache dawa za hospitali. Mama yangu mzazi anasema nirudi Singida nikapumzike kwanza. Jumuiya wanasema nisiukimbie msalaba wangu.

Niendelee kumtunza bila upendo, au niondoke nisiwe mnafiki? Na kwa nini mateso yananikausha badala ya kunikuza?

Mama wa Watatu, Moshi Vijijini

*

Amina, mwanangu. Marahaba, na pole sana.

Nianze na usiku ule wa kukoroma, maana naona ndipo ulipokwama. Ulisema neno moja moyoni, kisha mikono yako ikamwinua mgonjwa ikamlaza kiubavu. Lile neno umelishika na kujihukumu nalo. Ile mikono hukuihesabu. Watu wanaouguza muda mrefu, hata anayeuguza mzazi aliyempenda tangu utoto, hujikuta na ombi kama hilo. Uchovu, huruma na hasira vinachanganyika hadi mwenyewe unashindwa kuvichambua. Sikwambii kwamba hasira haikuwamo. Ilikuwamo, naamini, na sababu yake umeieleza. Ninachokuuliza ni kwa nini umeamua kwamba Mungu alisikia hasira peke yake.

Barua yako inauliza habari za upendo. Nikiisoma taratibu, naona ndani yake kuna kazi ambayo mtu mmoja haiwezi, na kuna kidonda cha miaka mingi, na vyote umevipa jina moja: imani yangu ni ya uongo. Mimi ningependa tuvitenganishe kidogo. Kukosa usingizi hakutibiwi kwa toba, na maneno yaliyosemwa nje ya dirisha hayatibiwi kwa kulala.

Unasema siku za raha ulikuwa Mkristo mzuri kuliko sasa. Je, siku hizo ulikuwa unalala usiku mzima? Nauliza kwa dhati. Mtu anayeamshwa kila baada ya saa chache kwa miaka miwili huwa mkali, awe mlokole au mpagani. Eliya alipokimbilia jangwani akaomba afe, malaika hakumkemea wala hakumpa somo la saburi. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Maneno ya Mungu yalikuja baadaye, mlimani. Kisome kile 1 Wafalme 19 ukiwa umeketi, na chai mkononi kama inawezekana. Usijisomee kwa kujichapa.

Sasa hii Warumi 5. Kiongozi wenu hakukosea kuisoma, ila nina neno. Mateso yenyewe hayamkuzi mtu. Nimeona wengi ambao mateso yaliwafanya wakatili, na pengine hata mama mkwe wako ana yake ambayo hakuwahi kumsimulia mtu. Paulo hakuishia kwenye dhiki na saburi. Anakwenda mpaka kwenye pendo la Mungu "limekwisha kumiminwa katika mioyo yetu", na ndipo tumaini linaposimama. Tena aliwaandikia watu waliokusanyika, wakala pamoja, wakajuana shida zao. Mwanamke mmoja aliyeachwa peke yake chumba cha uani na beseni hakuwa ndiye msikilizaji wake. Wale waliokupigia makofi, nani alikuja kesho yake kukufulia mashuka? Samahani, hapo nimekuwa mkali mimi.

Martin Luther, ambaye katekisimo yake mliisoma kipaimara, aliandika mwaka 1539 kwamba mambo matatu humfanya mtu aijue theolojia: maombi, kulitafakari Neno, na majaribu. Kwa hiyo mapokeo yenu yenyewe yanakubali kwamba majaribu yana kazi. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1530, alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyekuwa akiwafundisha watoto wake na aliyekuwa anazama katika huzuni, na moja ya mambo aliyomhimiza ni kuukimbia upweke: atafute watu, acheke nao, ataniane nao. Luther aliijua huzuni kwa mwili wake mwenyewe. Hakumwambia kijana yule ajifungie na mateso yake mpaka yamkomaze.

Tuje kwenye upendo. Unasema unambadilisha nguo bila upendo. Mimi nauliza, upendo ungefanya nini zaidi hapo? Ungemgeuza mara nyingi zaidi? Ungempa uji wa moto zaidi? Sura ile ya 13 inasema, "Upendo huvumilia, hufadhili." Miaka miwili umevumilia na kufadhili, tena bila ile raha ya moyoni inayowarahisishia wengine kazi. Inawezekana unachokikosa ni utamu wa upendo, wenyewe ukiwapo umechoka. Inawezekana pia nakosea, maana sura hiyo hiyo inasema upendo hauhesabu mabaya, na wewe hesabu unayo, ndefu na yenye tarehe. Sitakuficha hilo. Ila sidhani daftari la namna hiyo hufungwa kwa kujilazimisha, wala siku moja.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naona hili lina uchungu kuliko pampasi na kiuno. Kabla ya kiharusi, pengine mahali fulani moyoni ulikuwa unangoja siku moja mama akuite akwambie, "Mwanangu, nilikukosea." Ulikuwa na haki ya kuingoja. Sasa kinywa ambacho kingesema hivyo kimefungwa. Huko kwenu mkosaji huchukua jani la sale akaenda kuomba radhi, na mwenye kukosewa hulipokea. Yeye hawezi kulileta. Nahisi unaomboleza, mwanangu, na hakuna aliyekuja kukaa nawe matanga ya jambo hilo, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba kuna kilichokufa.

Na ule mkono uliokushika? Sijui ulimaanisha nini, na ningekuwa mwongo nikikufasiria. Ninachojua ni kwamba mtu aliyepoteza usemi kwa kiharusi anaweza kuwa anaelewa mengi yanayosemwa mbele yake. Kiharusi pia humfanya mtu alie au akasirike bila kutaka, na huzuni nzito huwapata wagonjwa wengi wa namna hiyo. Siku mkienda kliniki ya presha, muulize muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kama kuna njia ya kumuuliza maswali ya ndiyo na hapana kwa kubana mkono au kufumba macho. Mkifanikiwa, labda utapata jibu. Labda pia utapata jibu usilolipenda, na hilo ujiandae nalo kabla hujauliza.

Msamaha hautaki useme kwamba maneno yale hayakuwa kitu. Yalikuwa kitu kikubwa. Yusufu hakuwakumbatia ndugu zake siku ya kwanza walipofika Misri. Aliwahoji, akawarudisha, akajitenga akalia, na njiani kote huko aliendelea kuwapa chakula. Unga uliwafikia kabla ya kumbatio. Hali yako si sawa na yake, yeye alikuwa na madaraka na wewe huna. Lakini kwamba mtu anaweza kulisha wakati moyo bado unabishana, hilo lipo katika Biblia, na sijaona mahali linapoitwa unafiki.

Maombi yako ya alfajiri yanasemaje? Umeniambia unaomba na unafunga, hukuniambia unamwambia Mungu nini. Kama unaomba tu "nipe moyo wa upendo", labda umeruka hatua. Je, umewahi kumwambia maneno ya dirishani, neno kwa neno, kama ulivyoniandikia mimi? Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina hata mstari wa shukrani mwishoni, na bado iko kwenye kitabu cha sala. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe kabla ya kuambiwa neema yatosha. Bwana mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kiondoke. Kuomba mzigo upunguzwe si kupungukiwa imani. Na usiku unapopiga magoti ukasinzia hapohapo, kumbuka kwamba maneno "roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu" waliambiwa watu waliokuwa wamesinzia kwenye maombi.

Kuhusu Meza ya Bwana, najua unafikiria lile neno la kuacha sadaka madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako. Ni neno zito, silichezei. Lakini wewe utaenda kupatana na nani, ikiwa mwenyewe hasemi? Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inauliza ni nani anayestahili kupokea sakramenti, na jibu lake linaelekea kwa mtu anayeyaamini maneno "kwa ajili yenu", halikuelekei wewe mwenye kupima joto la moyo wako kila Jumapili. Ningependa umwone mchungaji wako faraghani, umweleze hata lile ombi la usiku. Liwe jambo la ofisini kwake, jumuiya isihusishwe. Kuna siri ambazo makofi huziharibu.

Sasa haya ya kuondoka na kubaki. Wanakwambia usiukimbie msalaba wako. Hebu tuulize, ni wako peke yako? Hata msalaba wa Bwana ulibebwa na Simoni Mkirene njiani. Na habari za mjane mwenye watoto, 1 Timotheo 5:4 inasema watoto na wajukuu "wajifunze kwanza kuyatenda yaipasayo dini katika nyumba zao wenyewe, na kuwalipa wazazi wao". Watoto wa mama ni wanne. Mila ilimpa mumeo kihamba, na pamoja na kihamba wajibu, sikatai. Lakini aliyerithi ni mumeo na yuko Kasumbalesa. Nakuomba tu usimpige wifi yako na andiko hilo usoni. Andiko likitupwa kama jiwe hurudishwa kama jiwe.

Njia mojawapo ni kikao cha familia, pengine Desemba wanapopanda wote nyumbani kwa Krismasi, mkiwa na mzee wa kanisa au mjomba mnayemheshimu. Nenda na karatasi: pampasi za mwezi ni shilingi ngapi, dawa, sabuni, nauli ya kliniki, na usiku mnaamka mara ngapi. Mambo ya hesabu hayana kelele kama mambo ya moyo. Mnaweza kuzungumzia dada wa kazi, au kila mmoja aje zamu yake ya wiki mbili ajionee. Nadhani yule anayekataa mtu wa mshahara angebadili maneno baada ya usiku wa tatu, ingawa hilo ni wazo langu la kichokozi tu. Hatari ya kikao unaijua kuliko mimi: wanaweza kusema chasaka anataka kihamba, na mume wako akajisikia umemwanika mbele ya kaka na dada zake. Ndiyo maana yeye asikie kwanza, kabla ya wote.

Njia nyingine ni kwenda Singida wiki chache. Kupumzika na kutoroka ni mambo mawili, na tofauti yake inaonekana katika maandalizi: nani analala na mama, nani anajua dawa zake, watoto wanabaki wapi, unarudi lini. Ukiondoka kwa hasira alfajiri, utabeba habari hiyo mgongoni miaka mingi, na itatumiwa dhidi yako. Ukibaki hivi hivi bila kubadilisha kitu, hatari ipo pia, nayo iko kwenye kiuno chako na kwenye macho ya yule mtoto wa kikombe. Hapo sikuchagulii. Wewe ndiye unayejua nyumba hiyo inaweza kustahimili nini.

Kwa nabii nitasema wazi kidogo. Kumwombea mama ni vema, na wazee wa kanisa wanaweza kuja kumwombea hapo hapo kitandani bila sadaka ya kutanguliza. Dawa za presha zisiachwe bila daktari kusema. Aliyepata kiharusi mara moja anaweza kukipata tena, na kuacha dawa za presha kunaongeza hatari hiyo. Mzigo wa kiharusi cha pili hautaangukia kwa jirani anayekushawishi.

Na hali yako wewe pia ichunguzwe. Kama hata usiku mama amelala wewe macho makavu, kama chakula hakipiti, au wazo la kujidhuru likikujia, usingoje Desemba. Nenda kituo cha afya uwaambie kama ulivyoniambia, na mtu mmoja unayemwamini ajue.

Mume wako akifika mahali ameegesha na amekula, mwombe muda mrefu wa simu, au ungoje akirudi kama unaweza. Mweleze uchovu kabla ya lawama. Sijui kama amewahi kusikia yale mama yake aliyoyasema nje ya dirisha. Kama hajui, fikiria kama ni wakati wa kumwambia, kwa sababu kuna mwanamume atakayeyapokea na kukushika mkono, na kuna atakayejitetea kwanza kwa kuwa ni mama yake na ni mgonjwa. Wewe unamfahamu wako. Niandikie mkishazungumza, hata kama mazungumzo hayakwenda vizuri.